Amplifaya Inayonguruma Ikifungwa Kifuniko

Ndugu zangu, katika vyombo vyote vilivyomo nyumbani mwangu, hakuna kinachonidharau waziwazi kama amplifaya. Inanguruma hata pasipopigwa muziki wowote, na kila aingiaye sebuleni hugeuka fundi papo hapo: jirani anasema ni fyuzi, shemeji anasema ni spika, na mama watoto anasema ni ubishi wangu wa kukataa kununua nyingine. Pawasaplai, yaani sehemu inayoiandalia amplifaya umeme wake, haitajwi na yeyote.

Nimewaeleza kwa upole kwamba, ukishusha sauti hadi sifuri na kuchomoa waya zote za muziki, na ngurumo ikabaki palepale bila kupungua hata chembe, basi kosa haliko kwenye simu wala kwenye wimbo. Tena ngurumo yenyewe inajitaja. Penye umeme wa hezi 50 huwa ni ya hezi 100, na penye umeme wa hezi 60 huwa ni ya 120, kwa sababu dayodi nne, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, hulitumia kila wimbi la umeme pande zake zote mbili, kisha kapasita kubwa, zile zinazohifadhi chaji, ndizo zinazotakiwa kuyasawazisha mabonde yanayobaki. Shemeji aliyasikiliza maelezo hayo kwa heshima kubwa mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kama nimejaribu kubadilisha spika.

Jirani naye ana dawa moja tu ya maradhi yote ya umeme, nayo ni kuizungushia fyuzi waya wa shaba. Nilipomwonyesha kwamba fyuzi ni nzima, alinisihi niizungushie hata hivyo, kama kinga.

Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, ni hila za chombo chenyewe. Nikikifungua kifuniko ili nipime, amplifaya hutulia kama mwanafunzi mtukutu aliyemwona mwalimu mlangoni. Nikikirudisha na kukaza skrubu ya mwisho, inapata joto kidogo na kuanza upya.

Halafu kuna suala la balbu. Mtu mwenye akili timamu hawashi amplifaya yenye hitilafu moja kwa moja, bali huunganisha kwanza balbu ya nyuzi mfululizo na waya wa moto: kukiwa na shoti ndani, balbu huwaka kwa nguvu zake zote na kuiokoa transfoma, na kukiwa salama, humulika kwa muda mfupi wakati kapasita zinajaa, kisha hufifia. Balbu za LED hazifai kabisa kwa kazi hiyo, na zile za nyuzi zinazidi kuadimika, ndiyo maana niliificha yangu kabatini. Mama watoto aliikuta, akaona inakaa bure, akaitundika chooni. Kwa hiyo kila nikianza kazi, lazima mtu mmoja abaki gizani na kupiga kelele kwamba umeme umekatika.

Hatimaye nilizibana nyaya za mita kwa vibanio kabla ya kuwasha, ili mikono isiingie ndani, nikaifunika amplifaya kwa kadibodi ipate joto lake, nikakaa kuitazama. Transfoma inatoa volti 30 kila upande, na kwa hesabu ya kilele, yaani kuzidisha kwa 1.414 na kutoa kinachopotea kwenye dayodi, zinapaswa kupatikana volti zipatazo 41. Upande wa chanya ulizitoa bila manung'uniko. Upande wa hasi ulianza vizuri, ukatetereka, kisha ukaporomoka hadi 26 huku spika zikinguruma, na hizo 26 ndizo hasa wastani wa wimbi lililopita kwenye dayodi bila kukutana na kapasita yoyote.

Nilichomoa plagi, nikazimaliza chaji za kapasita kwa rizista ya omu 100 ya wati 5, ingawa jirani alikuwa amekwisha kunyoosha bisibisi ili azipige shoti tuone cheche. Nilipoigeuza bodi chini ya taa, palikuwa na ufa mwembamba wa duara ukiuzunguka mguu wa kapasita ya hasi. Kipande kizito namna ile, chenye maikrofaradi 10,000, kilisimamishwa juu ya miguu miwili myembamba bila kitu kingine cha kukishika, kikatingishwa na kupashwa joto miaka nenda rudi, kisha tunashangaa kwamba risasi ya kuchomelea imeachia!

Niliinyonya risasi ya zamani, nikachomea mpya, nikawasha kupitia balbu. Volti 41 huku, volti 41 kule, rilei, ile swichi inayoziunganisha spika, ikalia "ta!" na spika zikanyamaza. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuusikiliza ukimya huo wakati mlango wa chooni ulipogongwa kutoka ndani, na mama watoto akauliza kama balbu yake ina mpango wa kurudi leo.