Korea Ilivyochagua Pasipoti Ikaacha Ualimu

Dada yangu mdogo ana shahada ya ualimu na amefundisha Kiingereza Kilifi miaka tisa. Viza ya kufundisha lugha hiyo Korea Kusini hapati. Mimi nilisomea kemia, sikuwahi kushika chaki, na nikaipata. Kinachotutenganisha ni pasipoti: yake ya Kenya, yangu ya Kanada. Viza hiyo, E-2, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Uwe na shahada, ya fani yoyote ile, na cheti cha polisi kwamba huna kosa la jinai.

Nilikaa Daejeon, mji wa Korea Kusini, miaka miwili, nikifundisha katika hagwon. Hagwon ni tuisheni kama tunayoijua sisi, ila kule ni biashara kubwa mno: mwaka 2024 familia za Korea zilitumia won (fedha ya huko) trilioni 29.2 kwa masomo ya ziada ya watoto wao. Tangu nirudi, Waswahili wenzangu wa Toronto na Minneapolis wenye pasipoti zinazokubalika hunipigia simu kuniuliza: niende, nisiende?

Kwa kuanzia, yapo mazuri, tena ya kweli. Nyumba hulipi kodi. Ni chumba kimoja na jiko lake dogo, lakini sakafu inapashwa joto kwa chini, na ukitoka nje saa sita za usiku hakuna anayekugusa. Bima ya afya mnachangiana nusu kwa nusu na mwajiri. Ukimaliza mwaka, sheria inakupa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku thelathini. Mimi nililipa deni lote la chuo kwa miaka hiyo miwili, jambo ambalo Kanada nilikuwa nalisukuma tu mbele.

Na wapo watoto. Nilikuwa nikiingia kazini saa nane mchana na kutoka saa nne usiku. Wanavua viatu mlangoni, wanavaa ndala, halafu wanakuja mbio wakiita "Tichaa!", vilevile wanavyoita watoto wa kwetu. Mmoja wa miaka tisa alikuwa akinikatia nusu ya wali wake uliofungwa kwa mwani, kisha saa mbili usiku analala juu ya daftari. Sikuwahi kumwamsha kwa ukali. Seoul iliweka amri hagwon zifungwe saa nne usiku, na Mahakama ya Katiba ikaiunga mkono mwaka 2009. Mtu anayemwona mtoto yule kila siku haulizi kwa nini amri kama hiyo ilihitajika.

Ubaya umefungwa mlemle ndani ya wema. Nyumba ni ya mwajiri, viza imeandikwa jina la mwajiri, mshahara unatoka kwa mwajiri. Ukitaka kuhamia kwingine kabla mkataba haujaisha, kwa kawaida unahitaji barua yake ya kukuachilia. Mwenzangu mmoja alifukuzwa mwezi wa kumi na moja wa mkataba wake, kiinua mgongo kikiwa kimebaki wiki chache. Siku hiyohiyo alipoteza kazi, akaanza kutafuta pa kulala na kuhesabu siku zake nchini.

Hata hivyo, siwezi kuwasema wenye hagwon bila kueleza yanayowapata. Mwenye kituo hulipa tiketi ya ndege, huweka amana ya chumba, huwaahidi wazazi mwalimu mgeni. Miezi miwili baadaye mwalimu anapokea mshahara, anafunga begi usiku, asubuhi yuko uwanja wa ndege. Wazazi wanawatoa watoto. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na mama mwenye kituo alilia mbele yetu.

Ninavyoona mimi, pande zote mbili zinaumizwa na mlango uleule mwepesi. Kama sharti kubwa ni pasipoti, mwenye uzoefu wa miaka kumi na aliyeshuka jana wana thamani moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtunza yeyote. Angalia mishahara. Mwaka 2008 kima cha chini cha mshahara Korea kilikuwa won 3,770 kwa saa. Mwaka 2025 kilifika 10,030. Mshahara wa mwalimu mgeni wa hagwon kwa miaka yote hiyo umekuwa ukizunguka palepale, milioni mbili na kidogo kwa mwezi. Mpango wa serikali uitwao EPIK, unaopeleka walimu wageni wa Kiingereza katika shule za umma tangu 1995, unapanga mshahara kwa vyeti na uzoefu, na darasani unakuwa na mwalimu Mkorea. Anayeniuliza leo namwelekeza huko kwanza.

Ukaguzi wenyewe wa walimu wageni uliwahi kupotoka vibaya. Kuanzia 2007 walimu wa viza hii walilazimishwa kupima UKIMWI, huku walimu Wakorea wakiachwa. Mwalimu mmoja kutoka New Zealand alilipeleka suala hilo kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi wa rangi, ambayo mwaka 2015 ilisema haki yake ilivunjwa. Sharti likaondolewa 2017. Miaka yote hiyo walimu walipimwa damu, hawakupimwa ualimu.

Wanaoitetea orodha ya nchi saba husema ofisa wa uhamiaji hawezi kukagua Kiingereza cha dunia nzima, na mzazi anayelipa anataka uhakika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini raia wa Afrika Kusini huombwa barua kuthibitisha kwamba walisomeshwa kwa Kiingereza, na wakiileta wanapita. Kwa hiyo njia ya kukagua ipo na inatumika. Kenya Kiingereza ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, na dada yangu anaweza kuileta barua hiyo kesho, pamoja na cheti cha ualimu ambacho mimi sikuwa nacho.

Wiki zangu za kwanza nilikuwa nikimpigia yeye. Saa nne usiku Daejeon ni saa kumi jioni Kilifi, ndiyo kwanza ametoka darasani. Nikamwambia watoto wangu hawatofautishi F na P, kila kahawa kwao ni "kopi". Akasema, "Kaka, mpe kila mmoja kipande cha karatasi akishike mbele ya midomo. P inairusha karatasi. F, meno ya juu yakae kwenye mdomo wa chini, pumzi itoke polepole." Kesho yake darasa zima lilikuwa limeshika karatasi, na yule mtoto wa wali alikuwa wa kwanza kupata F yake. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia kwangu.