Mnapanda Miche, Mnafyeka Viota

Wiki iliyopita kulikuwa na sherehe ya kupanda miti upande wetu wa msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Mahema meupe, viti vya plastiki, spika zinazokwaruza masikio, na mheshimiwa na gambuti mpya ambazo hazijawahi kukanyaga tope. Sherehe zenyewe sina neno nazo. Kilichonichemsha ni kwamba ili mahema yapate nafasi, vijana walipewa mapanga siku moja kabla, wakafyeka ukingo mzima wa msitu. Vichaka, mipera, mitambaazi, vyote chini. Ukisimama barabarani sasa unaona mashina ya miti mikubwa hadi ndani. Mmoja wa waandalizi akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba "hapa sasa pamekuwa safi". Halafu miche ikapandwa palepale palipofyekwa, picha zikapigwa, soda zikanywewa, watu wakaenda zao.

Pamekuwa safi, ndiyo. Hata kima ameona hivyo. Na kunguru, na mwewe, na paka wa kijijini.

Kile kichaka ndicho pindo la msitu. Ukilikata, kitambaa kinaanza kufumuka. Jua linaingia, upepo unaingia, majani makavu ya chini yanakauka zaidi na wadudu wanaoishi humo wanapungua. Ndege wengi wa ndani ya msitu hujenga chini, usawa wa goti au kiuno, kiota kidogo cha umbo la kikombe kilichosukwa kwa vijizizi, ndani mayai mawili tu. Niliwahi kuonyeshwa kimoja karibu na Isecheno na mzee anayetembeza wageni. Aliniambia, "Mwalimu, usikaribie, utamwachia adui njia." Ndege mama alikuwa amekilalia, jicho limetukodolea, hatikisiki. Ulinzi wake wote ni kutoonekana. Sasa mfyekee majani yaliyomficha halafu umwambie aendelee kuatamia.

Na ukingo una ujanja wake mbaya: unavutia. Pale kuna mapera, kuna mwanga, kuna wadudu wa shambani. Ndege anadhani amepata kiwanja kizuri, anajenga. Lakini wanaokula mayai nao wanapita humo humo. Huko Michigan, Marekani, watafiti Gates na Gysel waliandika mwaka 1978 kwamba viota vilisongamana karibu na ukingo, ilhali makinda waliofaulu kuruka huko walikuwa wachache kuliko wa ndani. Mtu atasema hiyo ni Marekani. Haya, tushuke hapa jirani, Tanzania. Katika Usambara Mashariki, Newmark na Stanley walifuatilia viota 1,272 vya spishi 13 kwa misimu sita ya kuzaliana, wakachapisha mwaka 2011. Walipolinganisha vipande vya msitu na msitu usiokatika katika msimu mmoja, spishi saba kati ya 13 zilipoteza viota kwa kiwango kikubwa zaidi kwenye vipande. Walioumia hasa? Wenye viota vya kikombe. Kama yule mama wa Isecheno.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba utafiti huohuo ulikuta kuwa umbali kutoka ukingoni hauwaathiri wote sawa. Kuna spishi zilizofanya vizuri zaidi karibu na ukingo. Mnana na shore wa shambani hawana tatizo lolote. Lakini hao hawajawahi kuhitaji sherehe.

Sasa njooni kwenye hesabu, kwa sababu wakubwa wetu wanapenda hesabu. Miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, tumeambiwa. Sawa. Lakini chukua hekta 100 za msitu zilizo mraba, kilomita moja kwa kilomita moja, na tuseme madhara ya ukingo yanaingia mita 100. Ndani zinabaki hekta 64 zenye utulivu. Chukua hekta 100 zilezile uzinyooshe kando ya barabara, mita 200 kwa kilomita tano. Ndani panabaki nini? Sufuri. Kwenye ripoti zote mbili zitaandikwa "hekta 100", na mheshimiwa atapigiwa makofi yaleyale.

Ndiyo maana Malava, kipande cha msitu kinachopitiwa na lami ya Webuye, inanisikitisha kila nikiiona kwenye dirisha la matatu. Ndiyo maana Kisere, iliyo jirani kabisa na msitu mkubwa lakini imetengwa na mashamba, inanikera zaidi. Mwaka 1999 Brooks, Pimm na Oyugi walitumia vipande hivi vya Kakamega na Nandi kukadiria kwamba kipande cha hekta 1,000 hupoteza, ndani ya miaka 50 hivi, nusu ya spishi za ndege ambazo hatimaye kitazipoteza. Yaani msitu unaweza kuwa wa kijani, hondohondo wanapiga kelele juu, na huku chini deni linaendelea kulipwa kiota kwa kiota. Hondohondo mwenyewe, kwa njia, anahitaji mti mzee wenye pango ambamo jike hujifungia huku dume akimletea matunda. Mche wa juzi utampa pango hilo lini?

Msinielewe vibaya kuhusu wakazi. Mama anayetafuta kuni si adui yangu, na ukingo huu amekuwa akiupita miaka yote bila kuufyeka. Waliokuja na mahema ndio walioufyeka kwa asubuhi moja.

Ninachoomba ni kidogo. Miche ipelekwe kwenye pengo kati ya Kisere na msitu mkubwa, kwa mashamba ambayo wenyewe watakubali na kulipwa. Njia za zamani za wakata mbao zizibwe. Mahema yawekwe kwenye uwanja wa shule ya msingi, upo mita chache tu ng'ambo ya barabara, una nyasi na kivuli. Na pale palipofyekwa paachwe paote vichaka tena, hata kama miche yenu itasongwa. Nimeshamwandikia chifu. Amenijibu kwamba sherehe nyingine ni mwezi ujao, na kwamba safari hii wanatarajia wageni wengi zaidi.