Mpwa wangu, kompensata iache kwanza

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu kanipigia simu kutoka Masasi saa nne usiku, moyo ukanipasuka maana saa hizo watu wa kwetu hawapigi kwa ajili ya salamu. Kumbe hamna msiba. "Shikamoo mjomba, samahani kwa usiku, hivi bastola yenye kompensata, kile kipande cha kupunguza kuruka, unaionaje?" Kijana ana kibanda cha uwakala wa pesa karibu na stendi, anafunga saa tatu usiku na begi la hela mkononi, maombi yake ya leseni yameshapita serikali ya mtaa sasa yako wilayani, na yeye huku nyuma anakesha na video za Wamarekani anachagua bastola kama mtu anayechagua simu mpya. Nikamwambia subiri nitakujibu kwa kuandika, kwa simu nitasahau nusu. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada yako akikuuliza kitu kinachohusu uhai wake humjibu juujuu, na nimeona niliweke hapa kabisa maana si yeye peke yake anayeuliza siku hizi.

Mi bastola nimeanza kubeba zamani kidogo, kabla ya stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kupitia maghala, haijaingia huku Mtwara mwaka 2007, wakati sisi wanunuzi wa korosho tunapanda Newala na Tandahimba na fedha taslimu kwenye kiroba, unalala nayo, unakula nayo, unaenda nayo mpaka chooni. Siku hizi korosho zinapigwa mnada na mkulima analipwa benki, kwahiyo zile hela za kubeba barabarani kwa upande wetu zimepungua sana. Ila zimehamia kwa hawa vijana wa uwakala. Yani hatari ile niliyokuwa naiogopa mimi njia ya Kitangari sasa hivi iko kwenye kibanda cha bati chenye mwamvuli, na anayeikabili ni kijana wa miaka ishirini na kitu, na hili linaniuma kweli ndo maana siandiki kwa utani.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Kompensata ni kipande cha chuma kinakaa mbele kwenye mdomo wa mtutu, juu yake kina matundu. Risasi ikitoka, ile gesi ya baruti inayoisukuma inakuja kwa nyuma inatafuta pa kutokea, ikikuta matundu yanaangalia juu inafumuka kwenda juu, na ikifumuka juu inausukuma mdomo wa bastola chini. Kwahiyo ile tabia ya bastola kuruka juu kila ukifyatua inapungua na macho yako yanarudi kwenye shabaha haraka. Mliopita JKT mnakijua kitu hiki hata kama hamkukijua jina, zile SMG za aina ya AKM mbele kabisa zina kipande kimekatwa mshazari, ni wazo hilohilo, Warusi waliliweka pale zamani sana ili bunduki isipande ikipiga mfululizo. Na kabla yao Wamarekani walishaifunga kwenye bunduki yao ya Thompson. Kwahiyo asikudanganye mtu kwamba ni teknolojia ya juzi.

Cha juzi ni kuileta kwenye bastola ya kubeba kiunoni. Zamani ilikuwa mambo ya mashindano, kwenye IPSC, yale mashindano ya kimataifa ya shabaha, kuna daraja la Open ambalo kompensata inaruhusiwa na daraja la Production ambalo hairuhusiwi, na ukimwona mtu wa Open anapiga utaelewa kwanini, bastola inakaa mkononi imetulia kama imegandishwa. Sasa viwanda vinatoa bastola ndogo ikiwa tayari nayo, kama ile SIG P365 XMacro iliyotoka 2022 ambayo matundu yamechongwa kwenye slaidi yenyewe, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua, huhitaji kufunga kitu mbele. Glock nao walishakuwa na zao za herufi C, 17C na 19C, matundu yako kwenye mtutu na slaidi imekatwa kuyapisha, hii dosari yake ni kwamba gesi inatoka kabla risasi haijamaliza mtutu kwahiyo mwendo wa risasi unapungua kidogo. Na hata hiyo XMacro mtutu wake ni mfupi, inchi 3.1, nafasi iliyobaki mbele ndo imechukuliwa na kompensata. Hakuna cha bure hapo.

Nimeshaipiga. Mwaka jana nilikuwa Dar, jamaa yangu mmoja ana ya kufunga kwa nyuzi kama za skrubu, tukaenda uwanja wa shabaha na bastola mbili, yake yenye kompensata na yangu ya kawaida, zote milimita tisa. Na niseme haki ya Mungu, ni tamu. Nilipiga tano za haraka hatua kumi nikakuta matundu yote yamekaa kwenye karatasi yanafunikwa na kiganja, yangu nikipiga kwa mwendo uleule yanatawanyika kama sahani. Kwa mzee wa vidole vya kuanza kukaza kama mimi ile kitu ni rehema. Kwahiyo mtu akisema kompensata ni urembo tu simuungi mkono, inafanya kazi.

Ila tukakaa mpaka jua likazama. Kagiza kakaingia, jamaa akasema piga tena. Nikafyatua ya kwanza, moto ukatoka juu mbele ya macho yangu kama mtu kawasha kiberiti kikubwa, nikafyatua ya pili sioni kilengeo, ya tatu napiga kwa kukisia. Bastola ya kawaida nayo inatoa moto lakini unaenda mbele na pembeni, huu unapanda kwenye mstari uleule unaoangalia. Najua kuna risasi za kujilinda ambazo baruti yake imetengenezwa isiwake sana, ukizipata sawa, sasa wewe wa Masasi unapewa zilizopo dukani siku hiyo. Na mpwa wangu anafunga saa tatu usiku, ile taa ya nguzo pale stendi tangu mfungo wa mwaka jana haiwaki. Hatapiga mchana huyu, akipiga atapiga gizani.

Halafu ile yenye kompensata ikajamu. Hapa nataka nikae kidogo maana ndo penyewe. Tulikuwa tumechanganya risasi, zake nzito za nguvu zikaisha tukaanza kutumia boksi la risasi za bei nafuu za mazoezi, za greini 115, huo ni uzito wa kichwa cha risasi. Ya nne tu, ganda likashindwa kuruka likasimama wima kwenye slaidi kama bomba la moshi la mashine ya kusaga. Tukatoa, tukapiga, tatu mbele likasimama tena. Bastola yangu risasi hizohizo ilizila boksi zima bila kukohoa. Sababu yake ni rahisi ukiielewa, bastola ya milimita tisa inajipakia kwa ule ule mshtuko wa kurudi nyuma, sasa wewe umeweka kitu kinachopunguza mshtuko na juu ya hapo umeongeza uzito mbele ya mtutu, slaidi inarudi kivivu, ganda halitupwi mbali. Ndo maana wanaofunga kompensata wanabadilisha springi wanaweka nyepesi, na wakiweka nyepesi inabidi risasi ziendane nayo, ukirudi kwenye za nguvu slaidi inajigonga. Ni ndoa ya watu watatu, kompensata na springi na risasi, mmoja akinuna nyumba haikaliki. Na risasi dhaifu haina gesi ya kutosha kuisukuma hiyo kompensata kwahiyo hata ile faida uliyoinunulia huipati. Ile ya kiwandani kama ya SIG wamekupangia hiyo ndoa tayari, inakwama kidogo kuliko ya kuunga mwenyewe, lakini hata hiyo usiibebe bila kuipigia boksi kadhaa za risasi zilezile utakazotembea nazo. Sasa boksi lina risasi 50, na leseni yako ina idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Piga hesabu mwenyewe itakuchukua muda gani.

Kingine ambacho kwenye video wanakipita haraka haraka ni ukaribu. Wezi wa kwenye vibanda hawaji wakasimama hatua ishirini, wanakushika. Mkono mmoja begi, mkono mwingine ndo unatoa bastola, na ukiitoa huna nafasi ya kunyoosha, unaibana mbavuni unapiga kutoka hapohapo. Jamaa alinionyesha, akapiga moja akiwa ameibana hivyo, alipogeuka shati jeupe lilikuwa na mstari mweusi wa masizi kutoka kifuani mpaka karibu na kidevu, na alikuwa amevaa miwani ya kujikinga. Wewe kibandani utakuwa umevaa miwani ya kujikinga? Gesi ile ni ya moto na inabeba punje za baruti zisizoungua, ikipanda usoni macho yanafumba yenyewe hata kama hutaki. Na kelele, bastola yoyote ya milimita tisa inapita desibeli 150, hii inarudisha sehemu ya mlio kwako, chini ya bati utabaki unasikia filimbi siku nzima.

Matunzo sitaki kuongea sana. Huku pwani chuma kinaliwa na upepo wa chumvi, mi nipo Mikindani hata bawaba za mlango nazipaka mafuta kila wiki, Masasi kuna vumbi na msimu wa kupulizia mikorosho kuna salfa hewani. Kompensata inajaa masizi yanaganda kama ukoko wa wali, ya nyuzi inalegea skrubu, na kile kioo cha saiti ya nukta nyekundu kama unayo kinapakwa moshi kila ukipiga. Na ala yako ya zamani haiingii, inabidi ununue nyingine.

Kuna watu ningewaambia chukua. Mtu anayepiga mara kwa mara, mwenye uhakika wa kupata risasi za aina moja, anayetaka bastola ndogo isimchoshe mkono. Kuna dada mmoja mfanyabiashara wa ufuta Lindi viganja vyake vina ugonjwa wa viungo, yeye ilimfaa ile ya kiwandani na anaijulia, ila alipiga sana kabla hajaanza kuibeba. Ambaye ndo kwanza anaanza kama mpwa wangu, nampa bastola ya kawaida yenye uzito kidogo kwasababu uzito wenyewe unameza teke, na hela ya tofauti anunue risasi za mazoezi na ala ngumu inayofunika triga kabisa, na kabati la chuma la kufungia nyumbani maana ana watoto wawili.

Na tafadhali msiagize vipande mtandaoni mkafunge wenyewe. Silaha huku iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ile bastola imeandikwa kama ilivyo, kabla hujaigusa nenda kaulize polisi walikokupa leseni, wakikwambia hapana ni hapana. Juzi nimeona kijana kwenye kundi la WhatsApp anauliza fundi wa kuchonga nyuzi kwenye mtutu, fundi wa geti! Nilishindwa kulala.

Kingine nilichomwandikia mpwa wangu hakihusu bastola kabisa. Nyumba za pale nyuma ya stendi zimebanana, ukuta wa tofali moja na mbele yake mama anakaanga mihogo mpaka saa nne, risasi iliyokosa mtu haisimami hewani, kompensata haiwezi kukusaidia kwenye hilo na mimi pia siwezi. Nikamuuliza kwanini unafunga saa tatu. Akasema wateja wa usiku ndo wengi. Nikamuuliza wangapi, ahesabu wiki nzima aniambie.

Kahesabu. Baada ya saa kumi na mbili na nusu wanakuja watu sita mpaka nane, wengi wanatoa elfu tano elfu kumi. Jana kanitumia meseji kwamba kafunga jua bado lipo, hela kaziacha kwa wakala mkuu, kapanda boda ya jirani yake kafika nyumbani kabla ya adhana ya isha. Leseni bado iko wilayani.