Gunia halina kosa, kosa ni la mshono

Mwaka jana nilinunua mkoba wa gunia la korosho kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi, wakati wa Nanenane. Shilingi 25,000, sikupunguziwa hata mia. Ulipendeza, nisiseme uongo: juti yenye maandishi ya kijani yaliyofifia, kifuniko cha kitenge, kifungo cha kifuu cha nazi. Pembeni ulining'inia ujumbe kwamba kwa kuununua nimeokoa mazingira. Wiki ya tatu, nashuka bajaji Mikindani, mkanda ukang'oka. Nyanya zikatawanyika barabarani, nami nikabaki nimeshika kamba kama mtu aliyeibiwa mbuzi.

Sasa hebu tuulizane. Gunia hilohilo lilibeba kilo 80 hivi za korosho ghafi, likatupwa kwenye lori, likashushwa ghalani kwa mabega ya watu. Linashindwaje na kilo mbili za nyanya?

Nikampelekea mzee mmoja fundi viatu hapa Mtwara mjini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete."

Akaupindua nje ndani, akacheka. "Aliyeshona huu alidhani anashona sketi."

Akanionyesha. Uzi ni ule wa magauni. Pindo halikukunjwa, na juti ukishaikata ukaiacha hivyohivyo hufumuka yenyewe. Mkanda umeshikizwa juu tu, kwa hiyo mzigo wote ulining'inia kwenye mishono minne. Akakata utepe wa tyubu ya baiskeli, akafunga nao pindo lote. Akatoa mkanda wa kiti cha gari bovu, akaupitisha chini ya kitako cha mkoba na kuupandisha upande wa pili, ili mzigo ukae juu ya mkanda na si juu ya uzi. Halafu shazia na uzi wa nailoni aliousugua nta. Shilingi 6,000. Ndani hakuweka bitana, akaniambia nitafute kanga kuukuu nyumbani.

Ndiyo maana nina neno na vijana wetu wanaoingia kwenye kazi hii, na ninaipenda kazi yao: niuzieni mkoba, msiniuzie huruma. Taka zilizotumika si sifa ya kutosha. Wazee wetu walivaa katambuga za matairi miaka nenda rudi bila mtu kuwapigia makofi. Walizivaa kwa sababu hazikatiki.

Na wateja nasi tuache lile swali la "gunia tu, mbona ghali?" Gunia ndiyo sehemu rahisi. Kuna kufua, kuanika, kukata ukikwepa matundu, halafu zipu isiyogoma. Kule Zurich, ndugu wawili, Markus na Daniel Freitag, walianza mwaka 1993 kushona mabegi kwa maturubai chakavu ya malori, mikanda ya magari na tyubu za baiskeli. Leo wanayauza kwa bei ambayo ukiitaja pale sokoni utaombewa dua. Vifaa ni vilevile vya yule mzee wangu, tofauti yeye hajawahi kuitwa mbunifu.

Soko lipo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, tunaenda sokoni na vile vimfuko vyepesi vinavyochanika kabla hujafika kwa muuza samaki. Na kila msimu wa korosho magunia hayakosekani kusini huku, mengine yanaishia kuwa dekio mlangoni.

Mkoba wangu sasa unabeba nazi tano na muhogo bila kulalamika. Kimebaki kitu kimoja. Juti hulainishwa kwa mafuta kiwandani kabla ya kusokotwa, na harufu yake si ya kutoka kirahisi. Nimeufua mara tatu, nimeuanika juani siku mbili. Ukikauka haunuki kabisa. Mvua ikinyesha tu, jirani ananiuliza kama nimemwaga mafuta ya taa.