Sikiliza mapafu, achana na mboni

"Mboni zimetanuka, atropini imetosha." Kauli hii kuhusu atropini, sindano tunayompa aliyepata sumu ya organofosfeti (kundi la dawa za kuua wadudu), inaniudhi kila ninapoisikia. Aliyekunywa dawa hiyo ya kupulizia nyanya, au aliyevujiwa na bomba mgongoni akalowa, anaweza kufa na mboni kubwa huku kifua kimejaa maji.

Neva ikitaka tezi itoe mate au musuli ukaze, humwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe. Ikishika kipokezi, ujumbe umefika, na papo hapo kimeng'enya asetilikolinesterasi huivunja. Organofosfeti hukibana kimeng'enya hicho. Asetilikolini hurundikana na vipokezi havipumziki: mate yanachuruzika, jasho, kuhara, mkojo, moyo unazubaa, na njia za hewa zinafurika. Hilo la mwisho ndilo linaloua.

Atropini haiondoi sumu. Inakalia tu vipokezi vya muskarini, vile vya tezi, njia za hewa na moyo, ili asetilikolini ikose pa kukaa. Kwa kuwa viwili hivi vinagombea kiti kimoja, asetilikolini ikizidi nawe uzidishe atropini, na anayekuonyesha kiasi cha kutoa ni stethoskopu. Mtu mzima anza na miligramu 1 hadi 3 mshipani. Dakika 5 zikipita, sikiliza. Kifua bado kinakoroma? Ongeza maradufu: 2, 4, 8, 16. Usisimame mpaka mapafu yakauke, mapigo yapite 80 na namba ya juu ya presha ipite 80. Ndipo utundike dripu, kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla iliyomkausha. Ampuli ya miligramu 1 ni kitu kidogo mno hapa. Tayarisha boksi zima.

Kwa nini si mboni? Kwa sababu vipokezi vya nikotini, aina ya pili ya vipokezi vya asetilikolini, kwenye vifundo vya neva navyo vimechochewa, na hivyo vinaweza kutanua mboni na kuukimbiza moyo hata kabla hujagusa sindano. Ukiacha dawa kwa dalili hiyo, umedanganywa na sumu yenyewe.

Maziwa hayasaidii. Vua nguo zote, osha kwa sabuni na maji mengi, vaa glavu. Pralidoksimu, dawa nyingine ya sumu hii, nakubali kwa shingo upande, huweza kukikomboa kimeng'enya ikiwahi, lakini isikucheleweshe atropini.

Na kifua kikikauka, usimpeleke kitanda cha mwisho wa wodi. Misuli ya kupumulia inatumia vipokezi vya nikotini, ambavyo atropini haivigusi. Kati ya saa 24 na 96 shingo inaweza kulegea. Kila zamu mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, mashine ya kupumulia isogezwe kabla hajaanza kutweta.