Tela limepona, geti limefariki

Mimi nakodisha vifaa vya shughuli, maturubai, viti vya plastiki na jenereta moja zito ambalo halinyanyuki bila wanaume wanne na matusi. Siku zote nilikuwa nakodi kirikuu kubebea, faida yote inaishia kwa dereva, mpaka siku moja nikaliangalia lile tela nililoachiwa na mjomba. Lilikuwa limelala chini ya mwembe hapo uani Kimara nilipopanga, kuku wa mama mwenye nyumba ndo wanatagia humo. Nikasema hapana, hili lazima lirudi barabarani.

Kuna dogo mmoja anapita na toroli ananunua vyuma chakavu, kila siku akipita anachungulia getini, "Broo hilo unatoa bei gani?" Ananikera balaa.

Nikaleta fundi wa kuchomelea kutoka Gerezani. Akalizunguka tela, akaligonga na nyundo, nyundo ikazama. Sakafu yote kutu, yani ule mchanganyiko wa mvua na mavi ya kuku hauachi kitu. Tukafungua matairi, kila upande una beringi mbili, ya ndani na ya nje, zote nne zimekufa na grisi imekuwa ngumu kama halua ya sikukuu iliyopita. Sasa mtu mwenye akili hapo angebadilisha beringi akapiga rangi basi. Mimi nikataka na maboresho.

Fundi akanishauri tulishushe. La zamani boksi lilikaa juu ya matairi, kulipandisha jenereta ni kama kupandisha ng'ombe darini, kwa hiyo tuweke boksi katikati ya matairi liwe chini, na likiwa chini haliyumbi hata kwenye kona. Akasema atachukua habu za Hiace pale Ilala, vile vitovu vya kufungia matairi, kati aweke bomba nene liwe ekseli, springi mpya, na madigadi juu ya matairi. Nikamuuliza, fundi, si litakuwa pana hilo? Akanijibu kwa dharau kidogo, "Bosi, mi napima kwanza." Na kweli akapima geti mbele yangu, futi 7 na inchi 4, akaandika ukutani kwa chaki. Tukakubaliana tela lisizidi futi 7 na inchi 2.

Kazi ikaanza, siku nne mfululizo, ile mashine yake imekula Luku yangu mpaka friji ikawa kabati. Siku ya pili nikaona futikamba yake imechakaa, namba zimefutika, kwa roho safi kabisa nikaenda dukani nikamnunulia mpya. Naomba muikumbuke hii futikamba.

Ijumaa jioni tela limekwisha, redioksaidi ya kuzuia kutu chini, rangi ya bluu juu, rifleka nyuma na taa zote zinawaka, maana trafiki wa barabara ya Mandela faini yake haina mjomba. Nikalipiga picha nikaweka stetasi. Kesho yake asubuhi nina kicheni pati Tabata, viti 200.

Saa 12 alfajiri nimefunga tela nyuma ya Noah, navuta taratibu, Noah imetoka vizuri, halafu nikasikia KWAAAA. Nashuka, digadi la kulia limekumbatiana na geti. Narudi nyuma, najipanga upya, KWAAAA, sasa hivi la kushoto. Nikampigia fundi akaja na bodaboda, analiangalia geti kama vile limehamishwa usiku. Akapima kwa futikamba mpya. Futi 7 kavu.

Tukatafuta ile ya zamani. Kumbe ilishakatika kichwa siku nyingi, inaanzia inchi ya 4! Mwenyewe anajua, anasema huwa anatoa 4 kichwani, "ila siku ile bosi ulikuwa unanisemesha." Kwa hiyo geti tumelipima kwa futi mbovu, tela tumelijenga kwa futi nzima niliyonunua kwa hela yangu. Ningekuwa bahili tu kidogo, tela zima lingejengwa kwa ile mbovu, lingetoka inchi 4 nyembamba na lingepita linacheka.

Simu inaita, ni mama wa bi harusi, siipokei. Fundi akasema ukitoa milango ya geti na fremu yake zinapatikana inchi 5, ukuta kwa ukuta. Nikamwambia kata. Grenda ikaanza kulia kwenye bawaba, cheche zinaruka, mlango wa kwanza chini, wa pili chini, na hapo ndo mama mwenye nyumba akatokea na khanga yake na mswaki mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Geti langu limekukosea nini?"

Nikaanza kuelezea habari za futikamba, kadiri ninavyoelezea ndo naonekana chizi. Fundi kaingia uvunguni mwa tela anajifanya anakaza nati. Mwisho nikaona bora vitendo, nikaingia kwenye Noah nikavuta, tela likapita, kila upande limebaki kama upana wa vidole viwili, majirani wanapiga makofi.

Nikashuka kuangalia nyuma. Yule dogo wa toroli kashafika, kainama, anainua kona ya mlango wa geti kuonja uzito.

"Broo, na hili unatoa?"

Mama mwenye nyumba akatema povu la dawa. "Chukua. Na huyo mpangaji mpime hapohapo uende naye."