Nani Amchague Kiongozi wa Chama: Wabunge au Wanachama?

Tarehe 15 Juni 2015, muda wa kuwadhamini wagombea wa uongozi wa chama cha Labour cha Uingereza ulipokwisha saa sita mchana, Jeremy Corbyn alikuwa na sahihi za wabunge 36, moja tu zaidi ya zilizotakiwa. Baadhi ya waliotia sahihi hawakukusudia kumpigia kura. Walitaka mjadala uchangamke. Septemba akashinda kwa asilimia 59.5, na mwaka uliofuata wabunge 172 kwa 40 walipotangaza kutokuwa na imani naye, wanachama wakamrudisha.

Sisi wa Kampala tulioiona FDC, chama cha upinzani cha Uganda, mwaka 2023 ikiwa na makao mawili, Najjanankumbi na barabara ya Katonga, kila upande ukivaa buluu ileile, hatuoni ajabu. Tofauti ni kwamba huku ugomvi ulizuka juu ya fedha ambazo Kizza Besigye, kiongozi wa kwanza wa FDC aliyekuwa upande wa Katonga, alidai asili yake ni ya kutiliwa shaka, madai ambayo uongozi wa Najjanankumbi uliyakana, ilhali kwa Labour kiini ni kanuni.

Wabunge wana hoja nzito: kiongozi anayekimbiwa kwa makumi na mawaziri vivuli wake, yaani wasemaji wa upinzani kwa kila wizara, kama ilivyotokea 2016, hawezi kuongoza upinzani, sembuse serikali. Wanachama nao huuliza, na kwa haki, ni nani alipaye ada na kugonga milango ya wapiga kura siku ya mvua.

Mwaka 2021, chini ya Keir Starmer, mkutano mkuu wa Brighton ulipandisha kiwango cha wabunge wadhamini kutoka asilimia 10 hadi 20. Chama chenye wabunge 400 kinadai sahihi 80. Corbyn wa 2015 asingefika hata nusu. Kwangu mimi kizingiti ni halali, ila hiki kimepimwa kwa urefu wa mtu mmoja.

Watetezi wa Starmer huonyesha viti vya bunge: 202 mwaka 2019, zaidi ya 400 mwaka 2024. Wasichokitaja ni kwamba kura zenyewe zilishuka kutoka milioni 10.3 hadi 9.7, kwa kuwa ushindi ulitokana zaidi na kuporomoka kwa Conservative, chama kilichokuwa madarakani. Corbyn, aliyezuiwa kugombea kwa tiketi ya Labour, alisimama Islington North kama mgombea huru akashinda. Kambi ya Katonga nayo haikungoja kanuni zirekebishwe, ikaunda chama chake, People's Front for Freedom.